Mwiko Niliojifichia

Wazee, shikamooni. Ndugu zangu, mwenyekiti amenitaka nieleze, kabla hamjaamua kama nitaingia katika chama hiki cha kuzikana, kwa nini mtu aliyekaa nanyi Kisarawe miaka tisa hakuonekana kwenye msiba wa jirani hata mmoja. Nasikia mtani wangu kule nyuma anasema leo bwana duka anatoa maneno bila kupima. Cheka tu. Ni kweli.

Mnajua mimi ni Myahudi, wazazi wangu walitoka Adeni. Ukoo wetu ni wa makuhani, uzao wa Haruni, ndugu yake Musa. Sheria inamkataza mwanamume wa ukoo huo kukaribia maiti au kuingia makaburini, isipokuwa amefiwa na mke, mzazi, mtoto au ndugu wa damu. Huo ni ukweli. Uongo ni ule nilioujenga juu yake.

Nilianza nikiwa Kibaha. Jirani alifiwa, mvua inanyesha, nami sikutaka kufunga duka. Nikasema, "Dini yangu hainiruhusu mambo ya msiba." Watu wakaniheshimu. Nilipohamia hapa nikaja na neno lile pamoja na mizani yangu.

Marehemu mke wangu alijua. Sheria ile haiwahusu wanawake, naye alikuja kwenu kupika na kuosha vyombo. Siku mama mmoja, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alipomzika mwanawe wa pekee, mke wangu aliniambia, "Maiti umekatazwa. Na walio hai je? Keshazikwa, nenda ukakae na watu."

"Niache," nikamwambia.

Nikabaki nyuma ya mizani nikisikia kilio. Nawaambieni, sikuogopa dhambi. Niliona uzito tu kuketi chini na watu wanaolia.

Kisha homa ikamchukua mke wangu kwa siku nne. Nilimzika Dar es Salaam pamoja na wenzetu wachache. Wao wakarudi kwenye kazi zao, mimi nikapanda lori kurudi hapa. Kwetu mfiwa hukaa chini siku saba, shati limechanwa kifuani, mlango wazi. Na chakula chake cha kwanza baada ya mazishi hakitoki jikoni kwake, huletwa na jirani. Utotoni nilimwuliza baba sababu. Akasema, "Mfiwa huona si haki yeye kula na mwenzake yuko mchangani. Sharti mtu mwingine amwambie, kula."

Basi nikakaa. Mlikuwa mkipita, mnainamisha vichwa, mnakwenda zenu. Jua likatua, likachomoza. Dukani palikuwa na magunia ya mchele, sikugusa. Nikakasirika moyoni: watu gani hawa? Ndipo nikamsikia mwanamke barabarani akimwambia mwenzake, "Tusiingie, shoga. Mwenyewe alisema dini yao haitaki watu kwenye msiba."

Yalikuwa maneno yangu. Hata kulia nikashindwa.

Adhuhuri yule mama jirani akasimama mlangoni na bakuli lililofunikwa kwa kipande cha kanga.

"Hodi. Baba, najua mna mwiko. Nakuwekea hapa kizingitini, nisije nikakuharibia."

"Ingia, mama. Hakuna mwiko."

"Hakuna?"

"Wa maiti upo. Wa kukaa na mfiwa haupo. Haukuwapo hata ulipomzika mwanao."

Kisha akasema, "Nami nilikuwa nikikuonea huruma! Nikisema, maskini, hata kumpa jirani pole amekatazwa."

Ndugu zangu, angenitukana ningepona upesi.

Akaingia, akaketi chini mbele yangu, akafunua bakuli. Mihogo ya kuchemsha na mayai mawili. "Nimekasirika," akasema. "Nitakasirika vizuri kesho. Sasa kula."

Nikala. Alasiri mlikuja wengi, maana alikwenda kuwaambia. Hakunifichia lolote, nanyi mkaja hivyohivyo.

Tangu hapo nasoma sheria za wazee wangu upya, kwa elimu yangu ndogo. Aliyemweka kuhani mbali na maiti ndiye aliyemfanya mfiwa amngoje jirani ili ale. Mimi nilichukua amri moja nikaiacha ya pili, kwa sababu ya kwanza ilinipa nafasi ya kukaa dukani. Hata sala yetu ya wafiwa haisemwi na mtu peke yake. Sharti wawepo wanaume kumi wa kwetu, na hapa sina hata wa pili. Kwa hiyo hupanda lori hadi Dar es Salaam, tukakaa tisa tukimngoja wa kumi. Katika kungoja kule ndipo nilipoelewa kwamba Mungu hakukusudia mtu alie peke yake.

Aibu haijaniisha, wala siombi iishe upesi. Nawashukuru mlioketi nami siku zile, na yule mama aliyekataa nimtaje. Kama nina la kufundisha ni hili: usimsingizie Mungu uvivu wa moyo wako.

Mkinikubali, jueni kwamba jeneza sitabeba na makaburini sitaingia. Hilo ni kweli, nami nitalishika. Lakini mtakaporudi kutoka kuzika, mtakuta maji ya kunawa yako tayari uani, nami nimekwisha kuketi na mfiwa. Mkinikataa, mtanikuta vilevile.