Fundi Mutea na Kabati la Maziwa

Wasikilizaji wapendwa, salaam aleikum kwa mnaoitikia hivyo, na kwa wengine wote, habari za jioni. Mimi ni Zeinab Mohamud. Sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka Fundi Mutea, seremala wa hapa Isiolo mjini, aliyetutoka juma lililopita na kuzikwa kwao Meru siku ya Ijumaa.

Jina lake kamili lilikuwa Silas Mutea. Lakini hapa mjini ukimtafuta Silas utazunguka mpaka uchoke. Ukisema "yule fundi wa kunusa", hata mwenye bodaboda haulizi mara mbili. Anakupeleka moja kwa moja.

Fundi wa kunusa! Mbona jina hilo? Nilikwenda kuuliza. Mnanijua, jambo likinikereketa siwezi kulala nalo.

Mkewe ni Kinanu, wengi wetu tunamwita Mama Kaari. Alinipa chai kwanza, ndipo akanipa nafasi ya kuuliza. "Huyo mzee wangu alikuwa ananusa kila kitu," aliniambia, huku anacheka na kufuta machozi kwa leso hiyo hiyo. "Tukienda harusi, watu wanaangalia bibi arusi. Yeye ameinama chini ya meza ananusa mbao. Nilikuwa namfinya. Haachi."

Basi haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mutea alizaliwa upande wa Meru, kwenye baridi na miti mirefu. Aliposhuka Isiolo kufungua karakana, alikuwa seremala kama maseremala wengine. Mbao aliigonga kwa kidole, akasikiliza. Aliitazama kwa jicho moja aone kama imepinda. Pua yake ilikuwa ya kupumulia tu. Na alikuwa na imani moja ambayo humtoi: mbao bora kuliko zote ni mtarakwa. Ni nyekundu, hailiwi na wadudu, na inanukia. Kwao Meru, mtu mwenye sanduku la nguo la mtarakwa anajivuna nalo.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika.

Alikuja mama mmoja kutoka Kulamawe, Racho Wario. Racho ni Mborana, mjane, na anauza maziwa ya ngamia. Anayakusanya kwa wafugaji, anayapoza, kisha yanapakiwa gari mpaka Islii, Nairobi. Biashara hiyo ndiyo iliyosomesha binti yake Hamdia. Racho alitaka kabati lenye milango, la kuwekea maziwa yakisubiri gari, vumbi na paka wasiyafikie. Maziwa ya moto hayafungwi kwa kifuniko. Vyombo vinafunikwa kwa kitambaa tu mpaka yapoe.

Mutea alimpenda mteja huyo. Akamchagulia mbao ya heshima. Akamchagulia nini? Mtarakwa, wasikilizaji wangu. Akalitengeneza kabati, akapiga randa mpaka likang'aa. Hakupaka vanishi ndani, akitaka ile harufu nzuri ibaki.

Na ikabaki kweli. Iliingia kwenye maziwa!

Islii wakarudisha mitungi. Wakasema maziwa yananuka sanduku. Wakarudisha tena. Mnunuzi mkubwa wa Racho akamwambia kwa simu kwamba ikitokea mara nyingine, atatafuta mtu mwingine. Kwa mama anayeishi kwa maziwa, hayo ni maneno ya kukatisha tamaa. Ngamia wapo, wateja wapo, na yeye anakwama katikati kwa sababu ya kabati.

Racho mwenyewe alinisimulia. "Nilipanda gari nikakuja mpaka kwa hiyo karakana yake. Nikamwambia, fundi, hii kabati yako imeua maziwa yangu. Akaniambia, mama, hiyo ndiyo mbao nzuri kushinda zote. Nikamwambia, nzuri kwa nani? Maziwa inavaa nguo?"

Hapo wengi wetu tungegombana. Fundi angesema, mimi niliuza kabati, sikuuza maziwa. Mutea akauliza swali ambalo Racho analikumbuka hadi leo: "Mama Hamdia, wewe ulijuaje ni mbao? Mbona hukusema ni mtungi mchafu?"

Racho akamshangaa. Kwao, mtoto wa kike anakua akifukiza vyombo vya maziwa kwa moshi. Anajua moshi wa mti gani unayapa maziwa ladha tamu, na upi unayaharibu. Aliniambia, "Mimi nimeanza kujua miti na pua kabla nijue na macho. Nilifikiri kila mtu ako hivyo."

Mutea alikuwa ameshika mbao maisha yake yote, na hilo halikuwahi kumpitia kichwani. Siku ile, anasema Mama Kaari, alirudi nyumbani akasahau hata kula. Alinusa kiti. Alinusa mlango. Alinusa mwiko jikoni mpaka mkewe akamfukuza.

Kisha akafanya jambo ambalo mimi nalipenda sana. Alitengeneza visanduku vidogo, kila kimoja cha mbao yake. Mukima. Saiprasi. Mvule. Mahogani. Na kimoja cha mathenge. Ndiyo, mathenge! Mti ule ule unaotoboa magurudumu ya pikipiki zetu, ule ambao mbuzi wakila maganda yake meno yanaoza. Huko Garbatulla watu wanaukata kwa hasira, wanauchoma makaa, na bado unaota. Mutea alikuwa ameokota vipande vyake, vifupi, vilivyopinda, vigumu hata msumari unajikunja. Alivianika muda mrefu kwa sababu tu alitaka kujua ndani yake kuna nini.

Katika kila kisanduku akaweka kikombe cha maziwa ya ngamia. Akafunga. Akamwita Racho na mama wenzake wawili wauza maziwa. Hakuwaambia kikombe kipi kimetoka wapi.

Nawarudishia mliofungua redio sasa hivi: tunamkumbuka Fundi Mutea wa Isiolo, na tumefika pale kina mama wanaonja.

Saiprasi walitema. Mukima wakakunja uso. Mvule na mahogani wakasema, labda. Kikombe kimoja Racho alikinywa chote, akaomba kingine. "Hii haina kitu," akasema. "Hii ni maziwa tu." Wenzake wakakubali.

Mutea akanyoosha mkono kuonyesha kisanduku. Mathenge.

Kaari, binti yake, ambaye ni fundi kama baba, alikuwepo. Anasema Racho alisimama. "Umeninywesha mathenge! Hiyo mti imemaliza mbuzi zangu, na unataka niiweke ndani ya nyumba?" Aliondoka bila kuaga. Mutea alikaa juu ya rundo la mbao, akamwambia binti yake, "Nimempoteza."

Siku zikapita kimya. Kisha Racho akapiga simu. Hakusalimia. Alisema neno moja: "Tengeneza."

Kazi ile ilimtesa. Mathenge haina ubao mrefu, kwa hiyo aliunganisha vipande vifupi kwa gundi na ndimi za mbao, na kila tundu la msumari akalitoboa kwanza. Lakini kabati lile lipo Kulamawe mpaka leo. Halijapasuka kwa jua letu. Mnunuzi wa Islii hakurudisha tena hata mtungi mmoja. Na kuanzia hapo, mtu akiagiza kitu kwa Mutea, swali lilikuwa lile lile: utaweka nini ndani? Unga? Nguo? Dawa? Na kila mbao mpya ilipoingia karakana, alimwita Racho aonje. Walibishana kama ndugu.

Asubuhi ya siku aliyofariki, Mutea alikuwa amefunga kikombe cha maziwa katika kisanduku cha muuru. Muuru ni mti wa kwao Meru, na ubao ule ulitoka shamba la baba yake. Kaari anasema alikuwa na hamu kama mtoto. Alitaka mti wa kwao nao ukubalike kwa Racho. Mchana kifua kikambana. Kabla ya jioni akafia hospitalini.

Racho alifika siku iliyofuata na kina mama wa Kulamawe. Aliketi na Mama Kaari, wakalia. Kisha Kaari akamwambia kwamba kisanduku bado kimefungwa, na hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kukigusa.

"Lete," akasema Racho.

Wakaenda karakana. Racho akafungua. Maziwa ya ngamia hayaharibiki upesi, yalikuwa yameanza uchachu kidogo tu. Akanusa. Akanywa. Akayazungusha mdomoni kwa muda. Akarudisha kikombe mezani na kusema, "Mwambie baba yako hii imekataa."

Kisha akasikia alichokisema. Akajifunika uso kwa mtandio, na Kaari akamshika.

Nilimuuliza Racho, na nilimuuliza kwa upole: mama, siku ile ya msiba, hukuweza kusema tu kwamba imekubali? Alinitazama kana kwamba mimi sina adabu. "Nimdanganye kwa sababu amekufa? Huyo mtu hajawahi kunidanganya mbao."

Mama Kaari, Kaari, ndugu wote wa Meru na mafundi wenzake wa Isiolo, poleni sana. Mama Racho, pole nawe, maana umefiwa. Mungu ampumzishe Fundi Mutea mahali pema.

Nasi tuliobaki, tufikirie jambo moja kabla ya kuzima redio. Nani katika maisha yako anaweza kuonja kazi yako na kukuambia, hii imekataa? Kama yupo, mpigie simu leo, umsalimie. Mimi wangu nampigia sasa hivi.