Hilari Libenanga, Aliyewafundisha Wanawake Kukosa Adabu

Tumsifu Yesu Kristo, na kwa ndugu zetu Waislamu mliokuja kutufariji, asalaam aleikum. Baba Paroko, wafiwa, majirani wa hapa Ifakara, na ninyi mliotoka Mkula, Lupiro na Mngeta, mimi naitwa Luciana, dada mkubwa wa marehemu, ukoo umenipa kazi ya kusoma historia hii kwa sababu kaka zangu wawili waliobaki wamesema hawawezi, mmoja kwa machozi na mwingine kwa woga, maana anajua nimeandika nini, basi wenye presha wasogee kivulini, nitasoma yote.

Marehemu Hilari Antoni Libenanga alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 katika kijiji cha Mkula, akiwa mtoto wa nne wa mzee Antoni na mama Levina, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Alisoma Shule ya Msingi hapo hapo kijijini kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, hakuchaguliwa kuendelea, na wala hakusikitika, maana tangu alipomwona mtu akivunja tofali kwa kiganja kwenye sherehe za Sabasaba alikuwa ameshaamua kwamba yeye ni mpiganaji, na mimi niliyekuwa nimesimama karibu nilimwambia lile tofali ni bichi, halijachomwa, lakini nani alimsikiliza dada?

Mwaka 1990 aliajiriwa kuwa mlinzi katika mashamba ya miwa upande wa Kidatu, huko akakutana na watu wa kila mkoa, wakamfundisha karate, na mwaka 2001 akapata mkanda mweusi, akaupiga pasi kila Jumapili kama kanzu ya padri. Tarehe 18 Oktoba 1997 alifunga ndoa takatifu na Sikitu, mama huyu mliyemkuta ndani amekaa mkekani, wakajaliwa watoto watatu, Rosa na wadogo zake wawili, na Sikitu alimvumilia mtu aliyekuwa akipiga mateke hewani mbele ya jiko la mkaa lenye maharage juu yake, hilo peke yake linamtosha kuingia mbinguni.

Mwaka 2013 aliacha kazi, akahamia Ifakara, akafungua darasa la wanawake la kujilinda katika ukumbi wa mtaa, msaidizi wake akiwa Bwana Osward, yule pale mwenye miwani myeusi. Nimewahi kuona maigizo mengi, lakini lile lilizidi, akina mama wanaolima mpunga wakavalishwa suruali nyeupe, wakafungwa mikanda ya rangi, wakahesabishwa kwa Kijapani, kana kwamba kibaka wa Ifakara angesubiri wafike kumi ndipo aanze, na mwanamke akimgusa Osward begani tu, Osward anaruka mwenyewe, anaanguka chali, puu, watu wanapiga makofi. Walimu waliopenda kupigiwa makofi, wanafunzi waliomwonea haya mwalimu, wote walianguka kwa adabu, na hakuna aliyejifunza kitu.

Mei 2018, Getrude, mwanafunzi aliyesifiwa kuliko wote, akiwa na mkanda wake wa njano kwenye sanduku nyumbani, alikuwa peke yake shambani kwake upande wa Lupiro, akatokea mnunuzi wa mpunga, mtu mzima wa hapa mjini anayemfahamu na kumwamkia kila siku, akamshika mkono, akaanza kumvuta kuelekea kwenye matete. Getrude alifanya nini? Alimwamkia, ndiyo, alisema shikamoo huku anavutwa, ndivyo tulivyolelewa, kisha akakumbuka teke, akalirusha, khanga ikambana mapaja, buti likabaki kwenye tope, akaangukia mkono wake ukavunjika. Waliomwokoa ni wanawake wa jaruba la jirani waliokuwa juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia shamba, wakiamia ndege wasile mpunga, waliona, wakaanza kupiga zile kelele zao za kufukuza kweleakwelea, wakashuka wote na fimbo, na yule shujaa akakimbia mpaka akaacha kiatu. Baadaye wazee wa mtaa waliketi, wakasikiliza pande zote kwa hekima zao, wakasema bwana yule alikuwa anamsalimia tu. Loo, salamu ya kuvunja mkono!

Hilari alikwenda kule shambani kumjulia hali Getrude, amebeba sukari na sabuni, na Getrude akamwambia maneno ambayo mdogo wangu aliyarudia mpaka siku zake za mwisho, "Mwalimu, teke lako linafaa Ifakara, huku kwetu kuna matope." Alirudi nyumbani hakula, akamwomba Sikitu mkasi, akakata ule mkanda mweusi, akafungia mlango wa banda la kuku, na ukweli ni kwamba siku ile ndiyo niliyoanza kumheshimu.

Msimu wa mwaka 2019 wote alihamia mashambani, si kulima, bali kukaa chini ya madungu na kuwauliza akina mama jambo ambalo hakuwahi kuuliza tangu apate mkanda, nani anawasumbua, wapi, na mmevaa nini. Wakamjibu kwamba si jambazi mwenye kofia ya kuficha uso, ni shemeji, ni msimamizi, ni dereva wa bodaboda anayekataa kusimama, ni mzee wa watu anayepewa shikamoo. Aliporudi akaanza upya kwa wasiojua chochote, akafuta mikanda, akafuta Kijapani, akamwaga maji nyuma ya nyumba mpaka pakawa tope la kweli, kila mwanamke akaja na khanga yake, na ndala au buti zake, aliyezoea kubeba mtoto akafungwa mfuko wa pumba mgongoni, kisha akawafundisha mambo machache kwa kurudia na kurudia, kusimama mbali, kuweka mikono mbele, kuutoa mkono kwa kuuzungushia upande wa kidole gumba cha anayekushika, kukimbilia walipo watu, kumwambia mtu siku hiyo hiyo, na kabla ya yote, sauti, ile ile ya kuamia ndege, maana alisema, "Silaha mnayo tangu utotoni, mkifika mjini mnaificha." Osward alifukuzwa, kwa sababu aliambiwa asianguke mpaka asukumwe kweli, akashindwa, mazoea yana tabu.

Lakini somo gumu halikuwa tope. Hilari alikuwa akivaa koti la marehemu baba yetu na kofia yake, anakuja anajikongoja na fimbo, anamshika mwanamke mkono na kuuvuta, na wanawake wazima, wenye mikono ya kupura mpunga, wanamjibu shikamoo baba, habari za nyumbani, huku wanaburuzwa kwenye tope kama mbuzi wa mnada. Ilichukua wiki nyingi mpaka mmoja akapiga kelele usoni kwa lile koti, na alipomaliza akakaa chini akalia, na Hilari akalia naye. Mtu akiniuliza mdogo wangu alifanya kazi gani duniani, nitamjibu ni hiyo.

Hapo ndipo wenye mtaa walipoamka. Mwaka 2020 kamati ya ukumbi ilimwita, ikamwambia anawafundisha wake za watu kukosa adabu, ikamnyang'anya ukumbi. Nawashangaa wanaume ambao amani ya nyumba zao inategemea mke asijue kupaza sauti, ukiwa safi kelele ya mwanamke inakupunguzia nini? Darasa likabaki uani kwa Sikitu, kuku pembeni, na likajaa kuliko lilivyowahi kujaa ukumbini.

Marehemu alisumbuliwa na kisukari kwa muda mrefu, na Februari 2022 madaktari walilazimika kumkata mguu wa kulia, jambo ambalo vijiwe vya hapa vilicheka, eti mwalimu wa mateke hana mguu, na aliyecheka kwa sauti kubwa amekaa pale na miwani yake myeusi. Hilari aliendelea kufundisha akiwa juu ya kigoda, na alisema sasa darasa limekamilika, maana wakimtazama yeye hakuna atakayedhani kujilinda ni mateke. Septemba mwaka huu figo zilianza kushindwa, akalazwa, na Jumatano tarehe 6 Novemba 2024, saa kumi na moja jioni, akaaga dunia akiwa ameshikwa mkono na mke wake. Nimesikia tangu juzi kwamba alipigwa na vibaka, mwalimu wa kujilinda kashindwa kujilinda, aliyeanzisha uongo huo aje aone kidonda kama kipo, mdomo hauna kodi lakini jamani.

Jana, maiti ikiwa bado hospitali, kamati ya ukumbi ilikuja kumpa Sikitu pole, na pole ilikuwa na mkia, kwamba kwa heshima ya marehemu darasa litarudi ukumbini, chini ya Bwana Osward, na mikanda, na mateke, bila zile kelele. Mvua zinakaribia, Desemba akina mama wanahamia mashambani, wapya waliojiunga mwezi uliopita bado wanaamkia koti, na ninyi mnataka waende huko na teke la Osward? Ukoo umekaa, umekataa. Darasa linabaki uani, linaanza Jumatatu, na mwalimu ni Getrude, ndivyo alivyoagiza marehemu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, tunawashukuru majirani mliopika na kuchota maji, walinzi wenzake wa zamani waliotoka Kidatu kwa gari la kukodi, jumuiya na kwaya, na hata kamati ya ukumbi tunaishukuru kwa viti, ingawa vitatu vimevunjika na watu wameanguka, safari hii kweli.

La mwisho, yule mnunuzi wa mpunga ni mjumbe wa kamati hiyo, yupo hapa, ameketi mbele, na simtaji jina, mwenye haki ya kumtaja ni Getrude. Asubuhi ya leo alimpita Getrude pale mlangoni, akasimama kama kawaida yake kungoja shikamoo, na Getrude akamtazama usoni, hakumwamkia, akaendelea kugawa chai, mkono ule uliovunjika ukiwa umeshika birika. Bwana yule akabaki amesimama, hana pa kuweka macho.

Hilari, mdogo wangu, nakulilia, lakini mwanafunzi wako amefaulu, nimeona mwenyewe. Lala salama, shamba tutaamia sisi.