Udongo wa Chepechepe: Maisha ya Bi. Ummukulthum Silima

Assalaam alaykum, ndugu, jamaa na majirani mliokaa hapa barazani, na akina mama mlioko ndani pamoja na wafiwa. Leo Alkhamisi, tarehe 11 Septemba 2025, khitma imesomwa, na waliokuwa pamoja na marehemu katika chama cha wafinyanzi wameomba kwamba kabla hatujatawanyika maisha yake yasomwe mbele ya watu, kama yanavyosomwa maisha ya wenye vyeo, kwa kuwa yeye hakuwahi kuwa na cheo. Kazi hiyo nimepewa mimi, Muhiddin Silima Msabah, kaka yake wa tumbo moja, mwalimu mstaafu, nami naomba mnistahamilie, maana kuna mahala nitasoma polepole.

Marehemu Ummukulthum Silima Msabah, ambaye wengi wenu mlimwita Bi. Ummy, alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 katika kijiji cha Magaeni, Mkoa wa Kaskazini Unguja, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Mzee Silima Msabah, mwenye asili ya Tumbatu, na marehemu Bi. Tabia, na alipokuwa na miaka minne mama yetu alifariki, tukalelewa na bibi mzaa mama, Bi. Mwanakhamis, ambaye alikuwa mfinyanzi, kama alivyokuwa mama yake kabla yake.

Aliingia skuli ya msingi Januari 1970, akasoma vizuri, hasa hesabu, hadi mwaka 1975 alipokuwa darasa la sita, bibi alipoanza kupoteza macho na ikabidi mmoja wetu abaki nyumbani kumsaidia. Mimi nilikuwa nakaribia mtihani, nikaambiwa nisome, yeye akaambiwa abaki, na hakuna aliyemuuliza, nami pia sikumuuliza. Sare zangu, madaftari yangu na safari yangu ya kwenda chuo cha ualimu vilitoka katika vyungu na makaango yaliyofinyangwa na mtoto wa miaka kumi na tatu, na jambo hili nalitaja mapema ili mtakaposikia yanayofuata mjue nilikuwa nikijua.

Udongo wake ulitoka Chepechepe, bonde dogo lililo nyuma ya shamba la familia yetu, udongo mweusi, laini, wenye mchanga mwembamba ndani yake, ambao bibi alimfundisha kuujua kwa kuuweka ulimini, kwa sababu bibi macho yalikuwa yamekwisha na ulimi ulikuwa umebaki. Aliufinyanga kwa mkono bila gurudumu, akausugua kwa kijiwe cha pwani mpaka ukang'aa, akauchoma kwa makumbi ya nazi uwanjani, na chombo chake ukikigonga kwa kucha kililia kama kengele ndogo, jambo ambalo wafinyanzi wenzake waliopo hapa watawathibitishieni.

Tarehe 6 Novemba 1983 alifunga ndoa na Ridhwan Ayoub, fundi cherehani wa Mlandege, wakahamia hapa Jang'ombe katika nyumba hii hii, na Mwenyezi Mungu akawajaalia watoto wawili, Shemsa aliyezaliwa mwaka 1985 na Hasan aliyezaliwa mwaka 1990. Shemeji Ridhwan alifariki tarehe 2 Februari 2009, na tangu siku hiyo nyumba ilisimama kwa mikono ya marehemu peke yake, akienda Magaeni kuchimba na kuchoma, akirudi mjini kuuza kando ya duka la zamani la mumewe, wakati ambapo sufuria na plastiki zilikwisha kuingia kila jiko na watu walikuwa wakimpita bila kutazama chini.

Mwaka 2012, mwezi wa Mei, alipita pale Mlandege Bi. Zuleikha, ambaye yupo nasi, mwenye duka la vyombo na mapambo ya nyumba huko Shangani, akitafuta chungu cha kupandia maua, akamkuta marehemu anakula wali na mchuzi katika bakuli jeusi, jembamba, alilojitengenezea mwenyewe. Bi. Zuleikha akavisahau vyungu vya maua, akauliza, "Na hilo unauza?" Marehemu akamjibu, "Hili nnalia wali, mwanangu. Kaa hapo nimalize." Bi. Zuleikha akakaa juu ya kigoda akasubiri, na bakuli likaoshwa, likaondoka naye, na mwezi haukwisha akarudi kutaka sahani, vikombe, majagi na vifuniko vya taa.

Miaka mitano iliyofuata ndiyo miaka pekee niliyomwona dada yangu akitembea kama mtu anayejua anakokwenda. Watu wa mjini ambao mama zao walikuwa wameona aibu ya vyombo vya udongo walianza kuviweka mezani kwa wageni, maharusi walipelekewa seti zake kama zawadi, na marehemu akakusanya wanawake tisa wa Magaeni, akiwemo Bi. Maisara aliyekaa pale mlangoni, wakaunda chama, wakawa wanachoma pamoja kila mwezi. Alikuwa na nia ya kujenga banda pembeni ya Chepechepe, awafundishe wasichana wa kijiji, na aliniambia nia hiyo mara nyingi, hapa hapa barazani, nami nilikuwa nikiitikia.

Sasa nasoma polepole. Mwezi wa Juni 2017 alikuja kwangu mtu aliyetaka mahala pa kujenga nyumba za wageni, akapapenda shambani kwetu pamoja na bonde, na mimi, mwanamume pekee wa familia na mwenye jina langu katika karatasi za shamba, nilikwenda mbele ya wakubwa wa kijiji nikatia saini ya kuuza. Sikumwambia dada yangu. Nilikuwa na haja zangu, ambazo leo nikizitaja zitasikika kama udhuru, na moyoni nilijiambia kwamba udongo ni udongo, kisiwa kizima ni udongo, atachimba pengine.

Jumanne ya tarehe 22 Agosti 2017 alikwenda na Bi. Maisara wakiwa na majembe na magunia, wakakuta gari linamwaga kifusi bondeni. Alinipigia simu akasema, "Kaka, kuna watu wanafukia Chepechepe. Njoo uwazuie." Nikamwambia hawawezi kuzuiwa, wana haki. Akauliza, "Nani kawapa?" Nikasema, "Mimi." Akampa simu Bi. Maisara, na Bi. Maisara ndiye aliyenisimulia baadaye kwamba walikaa kitako hadi adhana ya adhuhuri, kisha marehemu akashuka bondeni akamwomba dereva asubiri kidogo, na wakachota kwa mikono kadiri walivyoweza, magunia matatu, dereva akiwa amezima gari na kutazama pembeni.

Magunia yale yalimfikisha Machi 2018. Baada ya hapo alitafuta udongo kila upande wa Unguja, kusini, kati, kwenye mashimo ya wachimba msingi wa nyumba, mara moja hata ulioletwa kwa meli kutoka bara, na kila alipouchoma ulipasuka, kwa kuwa udongo mmoja ulikuwa na chumvi, mwengine hauna mchanga, na mwengine uliteketea kabla ya kukomaa, na wale wanawake tisa, ambao nao walikuwa na watoto wa kulisha, wakaondoka mmoja mmoja, huyu kwenye mwani, yule kwenye kukaanga vitumbua, hadi akabaki na Bi. Maisara. Bi. Zuleikha alimngojea mwaka mzima, kisha akalazimika kujaza duka lake vyombo vya kiwandani vilivyotengenezwa vifanane na vile vya marehemu, na siku marehemu alipoingia dukani akavikuta, Bi. Zuleikha alishikwa na haya akaanza kujieleza, lakini marehemu aliichukua sahani moja, akaigonga kwa kucha, akairudisha mahala pake, akasema, "Si mbaya. Haivuji." Hakuingia tena Shangani.

Zile nyumba za wageni hazikujengwa. Mnunuzi alikuja, akafukia, akazungushia ukuta wa matofali, akaondoka, na hadi leo ndani ya ukuta ule kuna nyasi, vipande vya zege na maji ya mvua yanayotuama.

Mwezi wa Februari 2021 marehemu aliomba ruhusa kwa mlinzi, akaingia na Bi. Maisara, wakachimba kifusi kwa siku nne mpaka wakaufikia udongo, akauweka ulimini, akasema, "Ndiwo." Alitengeneza mabakuli kumi na mawili, akayachoma, na yote kumi na mawili yakatoka motoni mazima, yakilia kama zamani. Shemsa alinipigia simu kunieleza, nikasikia nyuma yake watu wakicheka, na siku ile nililala nikiamini kwamba nimeokoka. Siku ya tatu, yakiwa yamepangwa juu ya rafu hapa ndani, yalianza kupasuka yenyewe, moja baada ya jingine, vigamba vikiruka ukutani, kwa sababu kifusi kilikuwa na chokaa, na chembe za chokaa zilizoingia udongoni zikishachomwa zilinyonya unyevu wa hewa, zikavimba, zikavunja chombo kutoka ndani. Hakuna njia ya kuzitoa. Alifagia vipande akavitia kwenye ndoo, akamwambia Shemsa, "Nshamaliza, mwanangu," na hakugusa udongo tena.

Mwaka 2022 aligundulika kuwa na shinikizo la damu, na Aprili 2024 madaktari wakasema figo zimeshindwa kazi, akaanza kusafishwa damu mara mbili, kisha mara tatu kwa wiki, Hasan akimpeleka na kumrudisha bila kukosa hata siku moja. Jumapili ya tarehe 7 Septemba mwaka huu, baada ya sala ya alasiri, nilikwenda hospitali nikawaomba watoto watoke, nikakaa karibu naye nikamtaka radhi, jambo nililopaswa kulifanya miaka minane kabla. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kaka, nikikwambia nimekusamehe ntakuwa nasema uongo. Nimejaribu, Mungu shahidi, msamaha haukuja." Nikamuuliza nifanye nini. Akasema, "Wewe ndiye msomaji wa familia, utakuja kunisoma. Usiwaambie watu nilisamehe. Waambie ilivyokuwa." Kisha akaomba maji, nikampa kijiko kimoja, maana hakuruhusiwa zaidi, akageukia ukutani.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, akazikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya alasiri. Ameacha watoto wawili na wajukuu watano. Shemsa anafanya kazi ya udobi hotelini na Hasan ni fundi umeme, na hakuna kati yao, wala kati ya wasichana wa Magaeni, aliyejifunza kazi ya mama, kwa kuwa hapakuwa na udongo wa kujifunzia. Siku ya maziko tulitaka chetezo cha udongo cha kufukizia ubani, tukapekua nyumba nzima, uvunguni na darini, hatukukuta hata chombo kimoja cha mkono wake, vyote vimo majumbani mwa watu, tukatumia kopo la maziwa.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliomwita mama na kumhudumia kama mama, nawashukuru majirani wa Jang'ombe mliopika, mliochota maji na mlioacha shughuli zenu siku tatu hizi, namshukuru Bi. Zuleikha, aliyegharamia kafani na hakutaka litajwe, nami nimelitaja, na namshukuru Bi. Maisara, aliyechimba naye, akachota naye na kumwosha.

Ni desturi yetu kuwaomba wote waliokosewa na marehemu wamsamehe, nami nawaomba, ingawa sidhani kama kuna mtu atakayenyoosha mkono. Kwa upande wangu sina wa kumtuma kwake. Kuna mtu asubuhi hii amenishika bega akaniambia kwamba wakati utaponya, na najua alikusudia wema, lakini mimi nina miaka sitini na saba na aliyekuwa na neno ninalolihitaji yuko kaburini.

Pumzika kwa amani, Ummy.