Miaka Thelathini na Moja ya Chai Iliyopoa

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, saa tisa na nusu alasiri, Mama Mvuke atazima kompyuta ya mezani kwake kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na moja na miezi minne. Anastaafu akiwa mkuu wa kitengo cha kompyuta, akiwa na afya yake, meno yake yote na ulimi wake ule ule. Jina lake kamili limo kwenye barua ya kustaafu, lakini ukimwulizia kwa jina hilo getini, mlinzi atakuapia kwamba mtu huyo hafanyi kazi hapa.

Aliajiriwa kama mpiga chapa wa masjala, enzi za mashine zilizokuwa zikigonga kama mvua ya mawe juu ya bati. Mwaka wake wa tatu ikaletwa kompyuta ya kwanza. Waliokuwepo wanasimulia kwamba ilipewa chumba chake peke yake, ikafunikwa kitambaa cha kufuma, na kila aliyeingia alivua viatu mlangoni. Miezi sita nzima hakuna aliyeigusa. Mama Mvuke alipewa kazi ya kuifuta vumbi kila asubuhi, akaifuta, akaifuta, mpaka akachoka kuhudumia kitu asichojua kinafanya kazi gani. Siku moja akabonyeza kitufe. Kioo kikawaka, katibu wa hospitali wa wakati huo akaja mbio bila viatu akiuliza nani ameiua, na kufikia mwisho wa wiki mpiga chapa wetu alikuwa ameshachapa orodha ya wagonjwa wa wodi nzima. Akapelekwa mafunzo ya miezi mitatu, akarudi fundi, na tangu hapo hajawahi kuiogopa mashine yoyote wala mtu yeyote anayeiuza.

Na wauzaji, jamani, walikuja! Walikuja na viatu vinavyong'aa na vijitabu vya rangi. Mmoja wao ndiye aliyesababisha jina la Mama Mvuke. Alikaa ofisini akisifia kompyuta yake kwamba ina kasi ya ajabu, na Mama, kwa adabu, akamimina chai kwenye kikombe chake cha bati, kile cheupe chenye ukingo wa buluu uliobanduka. Akamwambia awashe mashine, afungue faili la mgonjwa, aandike dawa tatu, kisha achape lebo. Yule bwana akawasha. Wakangoja. Mvuke wa chai ukapungua, ukaisha, utando ukajikunja juu ya chai, na muuzaji bado anasifia kasi. Mama hakubishana naye. Alikisogeza tu kile kikombe mbele yake akamwomba aonje. Mashine ikarudi ilikotoka siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo ulipoanzia utaratibu ambao sisi wa kitengo tunaujua kama majina ya mama zetu. Mashine ikija, chai inamiminwa sekunde ile ile kitufe kinapobonyezwa. Lebo ya dawa ikitoka chai ingali inatoa mvuke, mashine imefaulu. Mvuke ukiisha kwanza, haina bahati. Wapo waliomuuliza kwa nini asitumie saa kama watu wengine. Alikuwa akijibu kwamba muuzaji anaweza kubishana na sekunde mpaka jioni, ila hakuna aliyezaliwa awezaye kubishana na chai ya baridi. Na tena, mgonjwa aliye dirishani hahesabu sekunde. Anahesabu subira yake.

Utaratibu huu ulikuwa na hasara moja, nayo aliibeba mwenyewe. Tangu siku ile Mama Mvuke amekunywa chai baridi ofisini, kwa sababu mashine nyingi zilishindwa na yeye si mtu wa kumwaga chai. Mazoea yakamfuata hadi nyumbani. Mumewe, ambaye najua atalisoma jarida hili na atanisamehe, anasema mkewe anapomiminiwa chai huiangalia kwanza mpaka ipoe, kisha hutikisa kichwa kwa masikitiko, ndipo anapokunywa. Alishazoea. Anasema mwanzoni alidhani tatizo ni chai yake.

Chai haikuwa kipimo pekee. Mama alikuwa akinyanyua kila mashine kwa mkono mmoja, kwa kuwa muuguzi ana mikono miwili tu na mmoja umeshika sinia la sindano. Halafu alikuwa akiuliza bei ya mwaka wa tatu. Wauzaji walikuwa wakitaja bei ya dukani, naye akiwakumbusha kwamba bei ya dukani ni mahari tu, maisha ya ndoa yako mbele: chaja itakufa, betri itachoka, programu itadai kulipiwa upya kila mwaka, na kioo kitadondoka sakafuni siku ya kwanza ya zamu mpya. Mhasibu wetu mkuu, mtu ambaye akikupa kalamu huomba umrudishie kifuniko, alikuwa akimpenda kwa hilo tu.

Tena hakuwa mtu wa kukimbilia kununua. Miaka tisa iliyopita kompyuta zote za masjala zilikuwa zikichukua nusu saa kuamka asubuhi, na kila mtu akaimba wimbo mmoja: zimezeeka, zitupwe. Mama alikaa na moja siku mbili nzima. Akagundua kwamba programu yetu, kila ilipowashwa, ilikuwa ikiwaita wagonjwa wote waliowahi kutibiwa hapa tangu ianze kutumika, wakiwemo marehemu, kabla ya kukubali kumhudumia mmoja aliye hai. Tulikuwa tunamchapa punda, kumbe kosa ni mzigo! Akamweleza mtengeneza programu aifanye iwaite wa siku hiyo tu, akaongeza memori kidogo, na kompyuta zile zile za kutupwa zikafanya kazi miaka sita zaidi. Mhasibu alifurahi hadi akanunua biskuti kwa fedha yake. Tuliitunza ile risiti.

Sasa naomba niungame. Mhariri wa jarida alinitaka niandike wasifu wa Mama, na siwezi kuuandika kwa uaminifu nikaficha hili.

Mwaka jana hospitali ilipata fedha za vifaa, za kututosha miaka mitano. Mama alikuwa likizo. Mimi, fundi wake, niliyekuwa bado kwenye kipindi cha majaribio cha kurithi nafasi yake, nikapewa kazi ya kupendekeza kitu cha kununua. Nilitaka kuonyesha kwamba ninaweza. Nililinganisha kompyuta za mezani na vishikwambi, zile kompyuta bapa za kushika mkononi, kila upande: uzito, kioo, betri, nguvu ya ubongo wa mashine, bei. Kishikwambi kilikuwa chepesi, kinakaa na chaji zamu nzima, na bei yake ilikuwa karibu nusu ya kompyuta. Nikakijaribu na programu ya duka la dawa. Nikamimina chai, nikawasha, na wakati kinafikiri nikawa nasoma habari za mpira kwenye simu. Lebo ilipotoka nikaonja chai. Ya moto! Nikaandika kwenye ripoti kwa wino wa kujiamini: chai, bado ya moto. Nikapendekeza vishikwambi arobaini, kwa wodi, masjala na duka la dawa, na kompyuta zote ziuzwe. Kamati ya manunuzi ikapanga kutia saini Alhamisi.

Mama alirudi Jumatano. Aliisoma ripoti yangu akiwa amesimama, mkoba bado begani, akalisifia jedwali la bei. Kisha akauliza swali moja tu, kwamba chai niliimimina kwenye kikombe gani.

Wenzangu, nilitamani sakafu inimeze. Kikombe changu ni zawadi ya mke wangu, cha chuma, chenye kuta mbili na kifuniko cha kubana. Chai ninayoiweka humo asubuhi huniunguza mchana. Ningeweza kukijaribu kishikwambi kile kwa kwenda sokoni na kurudi, na chai bado ingekipa ushindi.

Tulishuka pamoja duka la dawa na kikombe cha bati. Mvuke uliisha hata jina la mgonjwa halijatokea. Programu ya duka la dawa ilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta, na ndani ya kishikwambi ilikuwa ikitembea kwa mkongojo. Kibodi ya kiooni ilikuwa ikifunika nusu ya mahali pa kuandikia kipimo cha dawa, na mfamasia akatuonyesha kwa kidole kwamba asingeona kama ameandika kumi au mia. Printa ya lebo haikuwa na pa kuchomeka. Mimi nilikuwa nimechapa kwa kupitia kompyuta ya jirani bila hata kulitilia maanani. Nilikuwa naona miaka mitano ya foleni pale dirishani, na mtoto wa mtu akipewa kipimo kisicho chake, na chini ya yote hayo saini yangu. Ajira yangu niliihesabu imekwisha. Usiku ule nilimwambia mke wangu asinunue viatu vya shule kwanza.

Alhamisi asubuhi Mama aliingia kwenye kikao na chupa ya chai, kikombe chake na kishikwambi. Aliwaomba wajumbe dakika chache, akamimina, akabonyeza, akakaa. Watu wazima tisa, akiwemo mganga mkuu, walikaa wakikitazama kikombe kikipoa. Mhasibu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinua mikono kusalimu amri. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nikingoja jina langu litajwe. Mama akasimama, akasema kwamba kipimo chetu cha kwanza kilikuwa na hitilafu, tumekirudia, na haya ndiyo mapendekezo yetu. Chetu. Tumekirudia. Mapendekezo yetu. Sijawahi kusikia maneno matamu namna hiyo tangu nilipokubaliwa posa. Pumzi niliyoishikilia tangu Jumatano niliishusha pale, kwa sauti, hadi katibu akaniuliza kama ninahitaji maji.

Hakuvitupa vishikwambi vyangu, na hilo nalo ni la kwake. Alivipeleka wodini, kwenye programu nyepesi ya kuandikia joto na mapigo ya moyo, na chai ikabaki na mvuke hadi wauguzi wakaomba waimalizie. Vikanunuliwa kumi na sita kwa ajili yao. Duka la dawa likapata kompyuta mpya tano, masjala ikaongezewa memori, na fedha iliyobaki ikanunua betri kubwa ya kulibeba duka la dawa umeme unapokatika. Leo foleni ya dirisha la dawa, iliyokuwa ikifika mlango wa maabara, inaishia benchi la pili. Wagonjwa hawajui kwa nini, na si lazima wajue.

Kwa nini hakunitaja, sikumuuliza hadi Jumatatu ya wiki iliyopita. Siku hiyo aliniachia nichague peke yangu kompyuta ya mwisho ya masjala, yeye akakaa kwenye kiti cha wageni, mikono mapajani, kama muuzaji anayesubiri hukumu. Nilimimina chai kwenye kikombe chake. Nikabonyeza. Nikafungua faili, nikaandika dawa tatu, nikachapa. Lebo ikatoka. Tukainama wote wawili kukitazama kikombe, na mvuke ulikuwa bado unapanda, mwingi, hadi ukamfunika miwani.

Nilipouliza, alisema kwamba mashine ikishindwa mara moja hairudishwi dukani kabla hujaangalia ulivyoipima. Kisha akachukua kikombe, akanywa kwa pupa ya mazoea yake ya miaka yote, akaungua ulimi. Alicheka mpaka akatoa machozi, nami nikacheka, na kwa jinsi nilivyojisikia mwepesi ningeweza kupaa. Barua yangu ya kuthibitishwa kazini ilikuja Jumatano. Ameisaini yeye.

Kikombe cha bati anaondoka nacho, hatukuthubutu kukiomba. Tumenunua kingine kama kile, cheupe, ukingo wa buluu, na kile changu cha kuta mbili kimepigwa marufuku kuingia kitengoni kwa tangazo rasmi lililobandikwa mlangoni.

Mama Mvuke, asante kwa kila mashine uliyoikataa kwa niaba ya wagonjwa ambao hawakuwahi kukuona. Asante kwa neno lako "tumekirudia", lililonibakiza kazini. Nenda ukapumzike, na Jumatatu asubuhi mzee akikumiminia, usiikodolee macho tena. Hakuna kinachopimwa. Inywe ya moto, Mama.