Mkaja wa Mwenye Miguu Mipana

Ndugu zangu wa jumuiya, wakubwa shikamooni, wadogo nawapenda. Mmeniambia nisimame nishuhudie, basi nivumilieni, maana ninayokuja kuyashuhudia ni ya miguu. Ndiyo, miguu! Nyie wa kule nyuma chekeni mapema mmalize.

Mimi nimelelewa Igurwa, nikichunga ng'ombe wa baba peku mpaka nilipoolewa huku Songambele. Miguu ikajipanukia ilivyotaka. Shambani navaa katambuga za tairi, sina shida. Shida ni dukani. Nimezunguka Kayanga, nimezunguka Omurushaka, kote ni yale yale: kiatu kikinitosha upana, urefu wake unaweza kulaza mtoto. Muuzaji mmoja akanishauri, "Mama, jaribu vya kiume." Nikajaribu, waitu! Nilifanana na askari mstaafu. Nikanunua vya kike vinavyobana, nikavijaza maharage makavu na maji, ili yakivimba yavipanue. Yalivimba kweli. Kiatu kikapasuka ubavuni, maharage yakamwagika chini ya kitanda, na mume wangu akauliza kama siku hizi tunapanda ndani.

Tulicheka. Lakini binti yangu alipochumbiwa na kijana wa wafugaji wa Rugera, kicheko kiliniisha. Siku ya kumtoa binti, mama anaingia naye mbele ya watu wote, amemshika mkono. Niingie na katambuga mbele ya wakwe? Nikamwambia, "Mwanangu, utaingia na shangazi yako. Mimi nitasimamia vyakula." Tangu hapo akawa ananisalimia na kupita.

Ndugu zangu, nawaambia, niliumia. Jioni moja tunamenya ndizi, akalipuka: "Mama, kama humtaki mchumba wangu, si useme! Kwa nini unanikimbia siku yangu?" Kisu kilinidondoka. Kumbe mtoto alikuwa analia peke yake, akidhani simtakii heri. Nikavua katambuga nikamwonyesha miguu. "Ni hii tu, mama yangu. Ni hii tu." Akanitazama, akacheka huku analia. Akasema, "Basi mkaja wako dai viatu."

Mkaja mnaujua, zawadi ya mama kutoka kwa wakwe kwa kumbeba mtoto tumboni. Ni vitenge, ni shuka. Nani amewahi kudai viatu? Binti yangu akaniweka mguu juu ya kipande cha boksi, akauchora kwa mkaa. Siku ya mahari, kaka yangu ambaye ndiye msemaji wetu akaliinua lile boksi mbele ya wageni. "Mama wa binti hataki kitenge. Anataka viatu vya mguu huu, vishonwe." Mzee mmoja wa upande wao akauliza kama huo ni mguu au ramani ya wilaya. Watu wakaangua kicheko. Mimi nachungulia nyuma ya pazia, natamani ardhi inimeze.

Ndipo mama wa kijana akainuka, mama mzima na heshima zake, miguuni kavaa kandambili. Akaliweka boksi sakafuni, akavua, akaukanyaga mchoro. Mguu wake ukaujaza wote, ukazidi na pembeni! Akasema, "Fundi ashone jozi mbili." Vigelegele vilivyopigwa hapo, hata ng'ombe zizini walishtuka.

Niliingia na binti yangu mwenyewe, nimevaa viatu vya ngozi vilivyonikaa sawasawa, nimemshika mkono. Nililia njia nzima, wala sikujificha.

Namshukuru Mungu. Namshukuru kaka yangu aliyekubali kuchekwa, na fundi aliyeshona bila kunikodolea macho. Namshukuru mzazi mwenzangu yule, Mungu ampe maisha marefu. Na ninyi wazazi, jamani, mkiwa na aibu yenu waambieni watoto. Mtoto asipoambiwa sababu atajitungia yake, na hiyo ndiyo itakayomuumiza. Siku hizi nikienda Rugera, mimi na mzazi mwenzangu tunakaa mkekani, tunanyoosha miguu yote minne, na mjukuu wetu anatambaa juu yake.