Hakuna Aliyepiga Simu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Baba Mchungaji pamoja na Padre wetu. Ndugu Romanus, mkurugenzi wa kampuni iliyotukusanya hapa Kijenge. Waandishi wa programu wa hapa Arusha na mliotoka kwingineko. Wazee wangu, shikamooni. Ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana. Bwana Yesu asifiwe, na kwa wenzetu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo. Utani wa itifaki kuzingatiwa nimeusikia leo kutoka kwa kila aliyeshika kipaza sauti, kwa hiyo mimi nitawapumzisha.

Naitwa Simaloi, muuguzi mfawidhi wa zahanati ya kanisa huko juu, upande wa magharibi wa Mlima Meru. Ndugu Romanus aliponiomba niseme machache kwa niaba ya watumiaji, nilimuuliza kama amekosa watu. Kompyuta mimi naijua kama ninavyolijua gari la wagonjwa: napanda, nashuka, likizima naita fundi. Akasema anamtaka mtu wa namna hiyo hiyo. Basi nikiwachosha, mlaumuni yeye.

Tunachozindua leo ni toleo jipya la Tarishi. Wenyewe wanaiita maktaba, ingawa sijaona humo kitabu hata kimoja. Nilivyoelewa mimi, ni kazi iliyokwisha kuandikwa, ambayo mwandishi wa programu anaichukua na kuiweka ndani ya programu yake ili iweze kutuma na kupokea ujumbe mtandaoni bila yeye kuanza upya. Hoteli za Usa River zinaitumia, shule za Elerai zinaitumia, na maabara ya mjini inayonitumia majibu ya wagonjwa wangu inaitumia pia. Na ukubwa wa toleo hili, ndugu zangu, hauko kwenye kilichoongezwa, uko kwenye kilichoondolewa.

Kilichoondolewa ni itifaki ya zamani, yaani makubaliano ya zamani ya namna kompyuta mbili zinavyofunga ujumbe kwa kufuli kabla ya kuupeleka njiani. Kufuli hilo lilishachoka, na wezi wa mtandaoni walishajua kulifungua. Mtaniuliza, si wenye kufuli jipya wabaki na lao, na sisi wa zamani tubaki na letu? Nami niliuliza hivyo hivyo. Nikajibiwa kwamba madamu Tarishi bado inalikubali lile la zamani, mjanja anaweza kukaa katikati ya njia na kuzidanganya hata kompyuta mpya zilitumie. Kumbe sisi wachache wa huko juu tulikuwa tunawaweka wengi hatarini, na wala hatuna habari.

Kazi ya kuiondoa alipewa binti anayeitwa Elihuruma. Simama mwanangu, wakuone. Usijifiche nyuma ya mkurugenzi, hakufichi, ni mwembamba. Haya, kaa.

Walianza kama inavyofanyika siku zote. Waliweka onyo ndani ya Tarishi, likakaa humo mwaka mzima. Lilikuwa onyo zuri tu, ila linaonekana mahali anapochungulia mwandishi wa programu peke yake, na kijana aliyeiandikia maabara programu ile alishahamia Dodoma. Mimi ningelionea wapi? Mwaka ulipokwisha wakaifunga itifaki ile kwa majaribio, wakakaa kusubiri simu za malalamiko. Siku zikapita, hakuna aliyepiga simu. Ofisi ikafurahi, Ndugu Romanus akaagiza mbuzi, wakachoma, wakala.

Elihuruma hakula. Haya nimesimuliwa na wenzake, na mpaka leo wanamtania kwamba aliishika sahani yake mpaka mafuta yakaganda. Wenzake walikipokea kile kimya kama pongezi, na yeye kilimtisha. Ana bibi yake huko Usa River, ambaye simu ikigoma anaiweka kabatini, anasema mtandao unasumbua, na haitoi mpaka siku mjukuu akija kumsalimia. Basi akawaambia wenzake, "Watu wetu mtandao ukikatika hawalalamiki. Wanasubiri." Nanyi mlioko humu ndani niwaulize, nani kati yenu alishawahi kupiga simu kulalamika? Si tunasema mtandao unasumbua, tunaendelea na maisha?

Kesho yake akaangalia ni vituo gani vilivyonyamaza tangu siku walipofunga. Cha kwanza kilikuwa changu. Akakodi bodaboda, akapanda mlima kwenye tope la masika, akaingia kwangu viatu vyote vimevaa udongo. Mimi nilidhani ni mgonjwa, nikamwelekeza kwenye benchi apange foleni. Na akapanga. Akakaa katikati ya kina mama na watoto wanaolia, hakusema mimi nimetoka ofisi fulani, akasubiri mpaka nikamwita. Nilipomuuliza anaumwa nini, akanisalimia shikamoo, kisha akaniuliza mtandao wetu ukoje. Nikamwambia unasumbua tangu wiki iliyopita, lakini ndiyo kawaida yake, tumezoea. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, yule binti alibadilika sura kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba.

Akaniuliza ni kitu gani hasa ninachokisubiri kutoka maabara. Nikamweleza habari za mama mmoja. Jina lake silisemi, hata mkinibembeleza mpaka jioni. Ni mama aliyekuwa anakohoa wiki nyingi, ananyonyesha mtoto mchanga, na wanawe wakubwa wanalala naye chumba kimoja. Makohozi yake tuliyapeleka mjini, majibu nikawa nayangoja, na kila alipokuja kuuliza nilimrudisha nyumbani, akaendelee kukohoa juu ya wanawe, kwa sababu ya mtandao. Kumbe majibu yalishatoka. Yalikuwa tayari kule maabara, programu inajaribu kuyatuma, kompyuta yangu kuukuu haijui kufuli lingine zaidi ya lile la zamani, inakataliwa, inajaribu tena, na hakuna binadamu anayeona.

Elihuruma akampigia simu mkurugenzi wake mbele yangu. Akamwomba aifungue ile itifaki saa hiyo hiyo, maelezo baadaye. Ndugu Romanus, utanisamehe, nilikusikia. Ulisema tangazo limeshatoka, wenzenu wa nje wameshapongeza, mtaonekanaje mkirudi nyuma? Ni swali la haki kwa mkurugenzi. Na huyu mtoto, ambaye hapo kwenye benchi hata kukohoa alikohoa kwa adabu, akakujibu: "Kaka, unaniambia hakuna aliyelalamika. Aliyefungiwa nje nipo naye hapa."

Nakusifu, Ndugu Romanus, kwa sababu hukuuliza mara ya pili. Ulifungua. Majibu yakaingia tukiwa bado tumesimama pale, na yalikuwa kifua kikuu. Nikavua koti, nikafunga khanga, nikashuka kwa miguu mpaka nyumbani kwa yule mama, na siku hiyo hiyo akaanza dawa.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo nilipomjua Elihuruma ni mtu wa namna gani. Niliporudi nilimkuta bado yupo. Nikamwambia, mwanangu, umeona, mambo yamekaa sawa, sasa iacheni hiyo itifaki yetu ya zamani jinsi ilivyo. Akasema hapana. Nilikasirika, nisiwafiche. Nilimwambia ninyi wa mjini mnapenda vitu vipya kuliko watu. Hakunijibu kwa ukali. Alinionyesha kompyuta yangu, akasema majibu niliyoyapokea muda ule, jina la yule mama na ugonjwa wake, yamepita njiani kwenye kufuli ambalo mtu yeyote mwenye nia mbaya analifungua, akayasoma yote.

Nilikaa chini. Nimefanya kazi kwenye mteremko ule miaka mingi, nawajua watu wangu na nawapenda, lakini naujua pia ulimi wao. Mwanamke akijulikana ana kifua kikuu anatengewa kikombe. Maziwa yake hayanunuliwi. Wanawe hawaitwi kucheza. Ukifunga ule mlango wa itifaki ya zamani, mama yule hapati majibu. Ukiuacha wazi, majibu yake yanaweza kusomwa na mtu mwingine. Ni nani kati yetu angependa kubeba uamuzi wa namna hiyo? Elihuruma aliubeba. Akasema utafungwa, ila hautafungwa mpaka kila anayepita pale awe ameshahamia mlango mwingine, na yeye mwenyewe ndiye atakayewahamisha.

Na aliwahamisha. Toleo hili mnaloliona leo lilicheleweshwa kwa ajili hiyo miezi na miezi, na wapo waliomwita mzito. Alikwenda kituo kwa kituo, zahanati hii, ofisi ya maji ile, shule iliyofungia kompyuta yake stoo na bado inafanya kazi. Kwangu ile kuukuu ilishindikana kabisa kujifunza kufuli jipya, basi akaniletea kompyuta ya mezani kwake mwenyewe, akakaa nami siku nzima akinifundisha, na nilipokosea hakunyakua kipanya hata mara moja. Walimu mlioko hapa mnajua huo ni uvumilivu wa aina gani.

Ilipofika siku ya kufunga kweli kweli, aliikataa ile desturi ya kungoja malalamiko. Kila kituo kilitumiwa ujumbe kwa njia mpya, na kila kituo kilitakiwa kupiga simu na kusema kwa mdomo kwamba umefika. Wote wakapiga. Mimi sikupiga. Nilikuwa nazalisha, na mtoto yule hakuwa na haraka na Tarishi. Ofisi nzima ikakaa inamngoja Simaloi, vidole mezani, na Elihuruma akakataa katakata kufunga. Nilipomaliza, nikanawa, nikaenda kwenye kompyuta, nikapiga simu. Nilisema neno moja tu: "Umefika." Nikamsikia upande wa pili akilia, nami nikalia, na mkunga wangu akadhani tumepata msiba.

Wiki hiyo hiyo yaliingia kwa njia mpya majibu ya mwisho ya yule mama. Amemaliza dozi yake. Makohozi ni safi, mtoto ananenepa, wale wakubwa wote wamepimwa na ni wazima.

Waandishi wa programu, kabla hamjaondoa kitu chochote, pandeni kwanza, mkae kwenye benchi. Elihuruma, mwanangu, mimi sina zawadi ya kukupa mbele ya ukumbi huu. Lakini yule mama aliniomba aje, na ameniruhusu niseme kwamba yumo humu ndani. Amekula nanyi mchana, amesalimiana nanyi kwa mkono, pengine amekaa jirani yako. Msigeuke kutafutana, hamtampata. Nyumbani kwake maziwa yananunuliwa, na kule kijijini wanaoujua ugonjwa wake ni mimi, yeye na Mungu wake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ndugu wageni waalikwa, nawashukuru kwa masikio yenu. Kwa lugha ya kwetu, ashe naleng.