Bi Sihaba na Vijidudu vya Matope ya Mbegani

Mgeni rasmi, Bwana Mkuu wa Utafiti, asalaam aleikum. Sisi wafanyakazi tisa wa kibanda cha uchunguzi cha Mbegani tunakukaribisha kwa mikono miwili. Utuwie radhi kwa harufu ya matope. Ndiyo kazi yetu.

CHANZO

Mwaka 1951 Bwana Daktari alikuja kutafuta bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo chakula chao ni methani, ile gesi itokayo kwenye matope ya mikoko. Aliyemwonyesha pa kuchimba ni Bi Sihaba binti Kombo, mwokota kombe za pwani, aliyejua kila shimo litoalo mapovu. Akaandikwa kibarua wa kuchota matope.

TULIYOYASHUHUDIA

Chupa hufudikizwa majini, mdomo chini, ndani yake gesi na hewa. Vijidudu vikila, gesi hupungua, maji yakapanda ndani ya chupa. Daktari alitaka kujua kama hivi vya baharini vyaweza kuishi katika maji ya kisima. Alivihamisha mara tatu. Mara tatu vikafa. Kisha akaugua, akarudishwa kwao, akituachia agizo: "Jaribuni mara moja tu zaidi. Vikifa, mwageni."

Msimamizi wetu, Bwana Ausi, alipokwenda kutia maji ya kisima katika chupa iliyosalia, Bi Sihaba alimshika mkono.

"Mwanangu, hata mtu humtoi juani ukamtumbukiza kisimani. Vizoeze kwanza."

"Na vikifa?"

"Nitavizika mimi."

Kila Ijumaa alipunguza maji ya bahari kikombe kimoja, akatia cha kisima. Gesi ya mapovu aliikinga mwenyewe, matope yakimfika kiunoni, hata wiki aliyougua homa. Siku ya tisini na mbili alituita. Maji ya kisima matupu, nayo yamepanda vidole vinne! Bwana Ausi alilia mbele yetu, wala hakuona haya.

SHIDA NA MAOMBI

Tumesikia chupa hiyo, na nyingine tulizozijaza kutokana nayo, zitapelekwa Ulaya na kibanda kitafungwa. Elimu ni ya watu wote, hatuzuii. Ila karatasi iliyobandikwa chupani ina jina la Daktari peke yake, naye mwenyewe ametuandikia kwamba kazi hii ilimshinda. Tunaomba jina la Bi Sihaba liandikwe, chupa moja ibaki hapa, naye aitwe mtunzaji, si kibarua.

Tulipomwuliza yeye ana ombi gani, alijibu: "Mwambieni Bwana, huko viendako wasivipe maji ya kwao kwa pupa."

Mola akufikishe kwako salama, na mkono wako usiwe mzito kuandika.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Kibanda cha Uchunguzi, Mbegani.
Imesomwa na Mwanamkasi binti Haji, 1954.